Chombo Kilicholala Hakijazimwa



Somo letu la mwezi huu ni la jambo dogo la nyumbani, ambalo wengi wetu hatulioni kwa kuwa halina kelele, wala moshi, wala harufu. Ni habari ya umeme upoteao bure katika vyombo ambavyo twadhani vimezimwa, kumbe vimelala tu. Walimu watakaolisoma somo hili pamoja na watu wao na walisome polepole, maana mna hesabu ndani yake. Hesabu hizo si ngumu. Kila ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi. Mwishoni mna maswali ya kuzungumza pamoja.

1. Nyumba ya mfano

Ili neno hili lieleweke vema, na tutazame nyumba moja ya mfano. Baba ni mwalimu wa shule, mama ni mshoni, nao wana watoto watatu; mkubwa wao ni binti aliye katika shule ya sekondari. Nyumbani mna taa, friji ndogo, televisheni pamoja na king'amuzi chake, redio kubwa yenye spika, chaja za simu, na pasi. Umeme wao ni wa LUKU, yaani lipa umeme kadiri utumiavyo. Hununua uniti kwanza, ndipo wazitumie.

Yule baba ni mtu wa hesabu. Siku moja aliandika kila chombo, na wati zake, na saa ambazo chafanya kazi kila siku. Akajumlisha, akaona kwamba nyumba yahitaji uniti 65 kwa mwezi. Basi akanunua uniti 65 siku ya kwanza ya mwezi, akatulia. Lakini ilipofika siku ya 25 jioni, nyumba ikawa giza: uniti zimekwisha. Mwezi wa pili mambo yakawa vilevile. Ndipo akaanza kumtafuta mkosaji, na shaka yake ikawa juu ya pasi.

"Mwanangu," akamwambia binti, "pasi yako yatumaliza."

"Samahani, Baba," binti akajibu, "mimi hupiga pasi dakika 10 tu kila asubuhi, nguo zetu sisi sote watatu."

Baba akanyamaza, lakini hakusadiki. Tangu siku ile binti alipiga pasi kwa hofu, na siku nyingine alikwenda shuleni na nguo zenye makunyanzi, ili asisikie tena neno lile.

Na tuone kama baba alimshtaki kwa haki. Pasi ya wati 1000 ikiwaka saa moja hula uniti moja. Kwa dakika 10 hula sehemu moja ya sita ya uniti. Kwa siku 26 za mwezi ni uniti 4 na theluthi moja; na hizo baba alikwisha kuziandika ndani ya zile 65. Lakini nyumba imalizayo uniti 65 kwa siku 25 yahitaji uniti 78 kwa siku 30. Basi pana uniti 13 ambazo hazikuandikwa popote, nazo ni mara tatu ya zile za pasi. Hizo zilikwenda wapi? Zilikwenda katika vyombo ambavyo baba aliviandikia saa za kutumika, asiviandikie saa za kulala, kwa kuwa alidhani ya kwamba chombo kilicholala hakili kitu.

2. Kitufe kisichokata waya

Zamani swichi ya redio ilikuwa kama daraja la mto. Likiondolewa, hakuna apitaye. Ukizima, waya ulikatika ndani, na umeme haukuwa na njia. Vyombo vingi vya siku hizi havikufanywa hivyo. Kitufe chake hakikati waya, bali hutoa amri tu: "Lala." Nacho chombo hulala kama mlinzi alalavyo jicho moja likiwa wazi, akingoja kuitwa. Jicho lile sharti lilishwe umeme usiku na mchana.

Visababishi vya jambo hili twaweza kuvigawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni rimoti. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani ilianza kuuza rimoti iliyobuniwa na Robert Adler. Haikuwa na betri. Ukibonyeza, nyundo ndogo iligonga fimbo ya aluminiamu, ikatoa mlio mwembamba usiosikiwa na sikio la mtu, nayo televisheni ikausikia. Rimoti za siku hizi hutumia mwanga usioonekana. Lakini iwe ni mlio, iwe ni mwanga, shauri ni lile lile: chombo kisipokuwa na sehemu iliyo macho, hakiwezi kuipokea amri ya kuamka.

Fungu la pili ni saa na taa ndogo. Tanuri la maikrowevu lionyeshalo saa, na redio yenye namba zing'aazo, hula umeme hata kama hakuna apikaye wala asikilizaye.

Fungu la tatu ni vyombo ambavyo transfoma yake iko mbele ya kitufe. Umeme wa ukutani una nguvu mno kwa redio au kwa simu. Sharti upunguzwe kwanza. Penye chaja nzito za zamani, kazi hiyo hufanywa na chuma kilichozungushiwa waya, nacho hufanya kazi hata kama simu haipo. Iguse: ukiiona ina joto, basi joto hilo ndilo umeme wako, uliolipiwa ukageuka kuwa vuguvugu la bure. Chaja nyepesi za siku hizi ni nafuu sana. Nyingi zao, zikiwa hazina simu, hula chini ya nusu ya wati moja.

Fungu la nne ni vyombo vijifanyavyo kuwa vimelala, kumbe vinafanya kazi. King'amuzi ndicho mfano mkubwa. Ukikizima kwa rimoti, taa yake hubadilika rangi. Lakini ving'amuzi vingi huendelea kupokea habari za vipindi na mambo mapya kutoka kituoni. Kwa hiyo vingine hula umeme karibu sawa na ule wa wakati watu wanapotazama.

3. Kupe mmoja hamwui ng'ombe

Wafugaji wajua habari ya kupe. Kupe mmoja hunyonya damu kidogo, hata ng'ombe hashtuki. Lakini kupe wakijaa masikioni na chini ya mkia, ng'ombe hukonda. Ndivyo ulivyo umeme huu wa kungoja: kwa chombo kimoja ni kidogo, lakini haukomi, na vyombo ni vingi.

Watu wa nchi zenye vyombo vingi waliligundua jambo hili kabla yetu. Mwaka 2000 wachunguzi wawili, J. P. Ross na Alan Meier, walitoa taarifa ya nyumba 10 za California, katika Marekani, walizozipima chombo kwa chombo. Waliona kwamba vyombo vilivyolala vilikula wati 14 katika nyumba yenye kiasi kidogo kabisa, na wati 169 katika nyumba yenye kiasi kikubwa kabisa. Wastani wa nyumba zote ulikuwa wati 67. Ukizidisha wati 67 kwa saa zote za mwaka, wapata uniti zipatazo 587, nazo zote zimeliwa na vyombo visivyofanya kazi.

Hata kabla ya taarifa hiyo, mwaka 1999, Shirika la Kimataifa la Nishati, ambalo makao yake yako Paris, lilikuwa limetoa shauri liitwalo mpango wa wati moja: kwamba vyombo vitengenezwe ili kila kimoja kikilala kisile zaidi ya wati 1. Mwaka 2001 Rais George W. Bush wa Marekani aliamuru ofisi za serikali yake zinunue vyombo vya namna hiyo. Umoja wa Ulaya ukaandika sheria mwaka 2008. Tangu Januari 2010 vyombo vipya vya nyumbani na vya ofisini vilivyouzwa huko havikuruhusiwa kula zaidi ya wati 1 wakati wa kulala, au wati 2 vikiwa vyaonyesha saa au habari nyingine. Tangu Januari 2013 vipimo hivyo vikapunguzwa kuwa nusu yake. Tangu Mei 2025 sheria mpya, iliyoandikwa mwaka 2023, imechukua mahali pa ile ya kwanza.

Kwa nini twahitaji kuzijua sheria za mbali? Kwa sababu vyombo hutengenezwa na kuuzwa katika nchi nyingi, navyo hutufikia sisi vya kila umri. Televisheni mbili zaweza kufanana kwa uso. Moja ikatengenezwa kabla ya sheria hizo, ikala wati 5 au zaidi imelala. Ya pili ikatengenezwa baadaye, ikala nusu ya wati. Anunuaye chombo kilichokwisha kutumika kwa bei nafuu, pengine amenunua na kupe wake. Haifai kukisia kwa macho, yafaa kupima.

4. Hesabu ya wati moja

Andika hesabu hii mahali pa kuonekana, maana ndiyo ufunguo wa somo lote. Wati 1 isiyozimwa, kwa saa 24 za siku na siku 365 za mwaka, hufanya uniti 8 na robo tatu, au tuseme uniti 9 kasoro kidogo. Basi ukijua wati zilalazo nyumbani mwako, zidisha kwa 9, nawe utajua karibu sawa uniti zipoteazo kila mwaka.

Sasa turudi kwa yule baba. Tuseme kwamba vyombo vyake vikilala vyala wati 20 kwa jumla, navyo hulala saa 22 kwa siku, kwa maana jamaa wale hutazama televisheni saa 2 tu za jioni. Wati 20 mara saa 22 ni 440. Kwa siku 30 ni 13,200, yaani uniti 13 na kidogo. Hizi ndizo uniti alizomdai binti yake.

Je, ni fedha kiasi gani? Bei hubadilika, na kila mtu yampasa kusoma stakabadhi yake mwenyewe. Lakini na tuchukue, kwa mfano wa hesabu, bei zilizotangazwa kwa Tanzania mwaka 2016, pasipo kuhesabu kodi wala tozo. Mteja mdogo wa nyumbani, ambaye wastani wake ni chini ya uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na kila uniti iliyozidi 75 shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida aliwekewa shilingi 292 kwa kila uniti.

Tazameni sasa hatari ilipo. Nyumba ile ikitumia uniti 65 italipa shilingi 6,500. Ikitumia 78, italipa shilingi 7,500 kwa zile 75 za kwanza, na shilingi 1,050 kwa zile 3 zilizozidi, jumla 8,550. Lakini ikizidi hivyo mwezi kwa mwezi, si nyumba ya mteja mdogo tena. Ikihesabiwa kwa bei ya kawaida, uniti 78 ni shilingi 22,776. Basi kupe wale hawakula uniti 13 tu. Waliivusha nyumba mpaka, na upande wa pili wa mpaka hata zile uniti 65 za haki zimepanda bei. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Na hapa gogo lenyewe ni ada ya mtoto, au madaftari yake, au mafuta ya kupikia.

5. Jinsi ya kupima kwa mita yako mwenyewe

Wengine watasema, "Mimi sina kipimo cha wati." Kipimo unacho, ndiyo mita yako. Mita nyingi za siku hizi zina taa ndogo, mara nyingi nyekundu, imwekayo kila umeme unapopita. Karibu na taa hiyo pameandikwa namba pamoja na alama hii: imp/kWh. Namba hiyo ndiyo idadi ya mimweko kwa uniti moja.

Fanya hivi, usiku watu wanapokwenda kulala:

Kwanza, zima taa zote, uchomoe na friji kwa muda mfupi. Mlango wa friji ukiwa umefungwa, chakula hakitaharibika kwa nusu saa. Vyombo vingine viache kama uviachavyo kila usiku.

Pili, shika saa, uende penye mita. Taa imwekapo, anza kuhesabu sekunde mpaka imweke tena.

Tatu, ikiwa namba ya mita ni 1000, gawanya 3600 kwa sekunde ulizohesabu. Jibu ndilo wati. Ikiwa namba ni 1600, gawanya 2250 kwa sekunde hizo. Ikiwa ni 3200, gawanya 1125.

Nne, chomoa chombo kimoja, uhesabu tena. Tofauti ya jibu la kwanza na la pili ndiyo wati za chombo kile. Ukimaliza, usisahau kuirudisha friji.

Yule baba wa mfano alifanya hivyo saa nne ya usiku, binti akimshikia tochi. Mita yake ilikuwa ya 1000. Taa ilimweka, wakangoja. Ikamweka tena baada ya sekunde 180. Wakagawanya 3600 kwa 180, wakapata wati 20. Baba akashangaa, akasema, "Nyumba yote imelala, nani anakula?" Wakachomoa king'amuzi. Sasa mmweko ulikuja baada ya sekunde 360: wati 10. Kwa hiyo king'amuzi peke yake kilikuwa na wati 10. Wakachomoa redio ya spika. Wakangoja dakika 15 nzima, yaani sekunde 900: wati 4. Basi redio ilikuwa na wati 6. Hizo 4 zilizobaki zilikuwa za televisheni na chaja.

Pale penye mita baba akamgeukia binti yake, akasema, "Mwanangu, nilikudhania vibaya. Piga pasi nguo zenu."

Ikiwa mita yako imewekwa juu ya nguzo, nawe huwezi kuiona taa yake, tumia njia nyingine. Usiku, ukiisha kuzima taa na friji, soma katika kidude cha kuingizia namba uniti zilizobaki, pamoja na sehemu iliyo nyuma ya nukta, uiandike. Baada ya saa mbili soma tena, halafu irudishe friji. Njia hii si sawa sawa kama ile ya kwanza, wala haionyeshi wati chache sana; lakini hasara kubwa itajulikana.

6. Yafaayo kutenda, na yasiyofaa

Dawa ya jambo hili ni rahisi, na kwetu ni rahisi kuliko Marekani. Soketi za nyumba za huko kwa kawaida hazina swichi. Atakaye kukata umeme sharti achomoe. Soketi zetu nyingi za ukutani zina swichi yake pale pale. Basi desturi ni hii: televisheni, king'amuzi na redio viunganishwe katika ekstensheni moja, nayo ichomekwe katika soketi moja yenye swichi ifikikayo kwa mkono. Wa mwisho kwenda kulala abonyeze swichi moja tu. Mtoto wa miaka 7 aweza kupewa kazi hiyo, naye ataipenda.

Lakini yapo mambo ya kuangalia.

King'amuzi kikikatwa umeme, huchukua dakika chache kuamka. Wambie watu wa nyumbani mapema, wasije wakadhani kimeharibika. Kikiwa kinatazamwa mara tatu au nne kwa siku, yatosha kukikata usiku. Saa 8 za usiku ni theluthi ya hasara yote.

Friji usiikate ili kuokoa umeme. Friji hailali bure. Yatunza chakula, na nyama iliyooza ni hasara kuliko uniti kadhaa.

Usichomoe kwa kuvuta waya, wala kwa mikono yenye maji. Shika plagi yenyewe.

Tena usihangaike na wati moja ukaziacha hamsini. Taa moja ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila jioni, hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 itoayo mwanga uliokaribiana nayo hula uniti 1 na theluthi. Kwa kubadili taa moja umeokoa zaidi ya nusu ya uniti za yule baba. Basi mwenye hekima huanza na taa, ndipo huja kwenye king'amuzi na redio. Chaja nyepesi ya simu na iwe ya mwisho. Ukiichomoa ni vema, lakini usidhani kwamba kwa hiyo umeponya nyumba.

Nayo faida nyingine ipo, ambayo kwa nchi ya mvua na radi si ndogo. Umeme ukikatika kisha ukarudi, mara nyingine hurudi kwa kishindo, na vyombo vilivyo wazi huungua. Radi nayo hupita kwa waya. Chombo kilichochomolewa hakifikiwi kwa njia hiyo. Hapo swichi peke yake haitoshi kuaminiwa. Wakati wa radi chomoa kabisa, na uchomoe kabla radi haijakaribia.

7. Vyombo vya usharika

Yale tuliyoyasema juu ya nyumba ya mtu mmoja ni kweli zaidi kwa nyumba ya watu wengi. Maana chombo cha wote mara nyingi hakina azimaye. Juma lina saa 168. Tuseme kwamba vipaza sauti vya kanisa hutumika saa 8, pamoja na mazoezi ya kwaya. Zimebaki saa 160. Ikiwa mashine yake haikuzimwa, nayo yala wati 25 katika kungoja, kwa juma moja zimekwenda uniti 4, na kwa mwaka uniti 208. Kwa ile bei ya shilingi 292, hizo ni shilingi 60,736, nazo zilitolewa sarafu kwa sarafu na watu ambao wengine wao nyumbani wana taa moja tu.

Si neno la kumlaumu mtu. Ni neno la kuweka utaratibu. Achaguliwe mmoja, awe mzee wa kanisa au kijana wa kwaya, ambaye kazi yake ni kukata swichi ya ukutani baada ya ibada. Na jina lake liandikwe pale penye swichi, ili kazi isiwe ya wote na kwa hiyo isiwe ya mtu. Vivyo hivyo katika ofisi: mashine ya kuchapisha na kompyuta zisilale Jumamosi na Jumapili taa zake zikiwaka.

Maswali ya kuzungumza

1. Taja vyombo vya nyumbani mwako ambavyo huzimwa kwa rimoti. Ni vingapi hukatwa ukutani?

2. Mita imeandikwa 1000, nayo taa yamweka kila baada ya dakika 4, nyumba ikiwa imelala. Ni wati ngapi zalala? Kwa mwaka ni uniti ngapi? (Jibu: sekunde 240; wati 15; uniti 131 na kidogo.)

3. Kwa nini yule baba hakuweza kuziona uniti 13 katika hesabu yake ya kwanza?

4. Uniti zikiisha mapema nyumbani kwenu, ni nani alaumiwaye kwanza? Je, mlipima kabla ya kulaumu?

5. Katika usharika wenu, ni nani azimaye vipaza sauti? Mwajua kwa hakika, au mwadhani tu?

Basi, wasomaji wapenzi, somo lenyewe ndilo hilo. Usiku wa leo, kabla ya kulala, simama kidogo sebuleni taa ikiwa imezimwa, uzihesabu zile nukta nyekundu na za kijani zing'aazo gizani. Kesho usiku peleka saa yako penye mita, upime. Na utakapokwisha kujua wati zako, ndipo ukate swichi.